Ukerewe na Ukara pamoja na watoto

Kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe kuna njia mbili. Meli huondoka Bandari ya Mwanza Kaskazini na kufika Nansio, mji mkuu wa kisiwa, baada ya saa tatu au zaidi kidogo. Basi hupita Magu, Lamadi na Bunda, hukata kushoto hadi Kisorya, kisha hupanda kivuko kwenda Rugezi, upande wa kisiwani. Tulikwenda kwa basi, tukarudi kwa meli, na kwa wenye watoto wadogo tunashauri mpango huohuo: wakati wa kwenda bado wana hamu ya kuchungulia dirishani, wakati wa kurudi wamechoka na melini kuna nafasi ya kujinyoosha. Mwekeni mtoto upande wa kulia wa basi. Baada ya Lamadi barabara inapakana na Serengeti, karibu na lango la Ndabaka, na ukibahatika punda milia wanaonekana hapohapo kutoka barabarani. Kushoto ni Ghuba ya Speke.

Kisorya tulishuka wote, basi likaingia kivukoni na dereva peke yake. Hapo ndipo pa kumvalisha mtoto jaketi la kuokolea. Funga mikanda yote, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, na majini atachomoka. Omba dogo zaidi, hata kama kuvuka hakuchukui muda mrefu.

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, takriban kilomita za mraba 530, kwa hiyo usitarajie kukizunguka kwa miguu. Tulipanga chumba Nansio, penye soko, gati na bodaboda. Chandarua kiangalieni matundu kabla ya kulipia chumba.

Watoto wataomba kuogelea kabla mabegi hayajafunguliwa, na hapa mzazi ashike msimamo. Kichocho husambazwa na konokono wadogo wanaokaa kwenye maji yaliyotulia, penye matete na magugu, hasa karibu na mahali watu wanapofulia na kuchota maji. Vimelea hutoka ndani ya konokono jua likiwaka, kwa wingi kuanzia kama saa nne asubuhi hadi alasiri, na hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda kwa dakika chache tu. Ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi una konokono wachache, lakini maji husukuma vimelea kutoka kwingine, kwa hiyo mchanga mweupe usiwadanganye. Watoto wetu walicheza mchangani na kuoga maji ya ndoo yaliyokaa siku mbili, kwa sababu kimelea kisichopata mtu katika muda huo hufa. Aliyekanyaga ziwani apimwe wiki sita hadi nane baadaye. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, hutolewa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na huua minyoo iliyokomaa. Ukiimeza siku unayorudi nyumbani, minyoo michanga inasalia mwilini.

Kilichowafurahisha zaidi ni dagaa. Wavuvi huingia ziwani usiku wa giza na kuwavuta dagaa kwa taa, na ukisimama ufukweni unaona upeo wote wa maji umewaka kama mji. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti, na mitumbwi mingi hubaki nchi kavu. Kwa hiyo tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Asubuhi nendeni mwaloni, yaani ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki, mapema, dagaa wakiwa bado wanaanikwa. Wanaoanikwa juu ya chanja za nyavu hukauka pande zote na hawana mchanga. Wa chini huwa na chembe zinazokwaruza meno hata wakioshwa mara tatu. Aliyekauka vizuri hung'aa na hukatika akikunjwa. Akipinda bila kukatika ana unyevu, naye ataota ukungu ndani ya begi.

Ukara, kisiwa jirani kilicho kidogo zaidi, inafaa kupewa siku nzima. Kivuko hutoka Bugolora, upande wa Ukerewe, na kutua Bwisya, na karibu na hapo, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka na kuua zaidi ya watu 220. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Tuliwaeleza watoto wakubwa jambo hilo waziwazi kabla ya kupanda: chombo kikijaa, subiri kingine, kikikaribia gati, kaa ulipo hadi kifungwe kamba, maana watu wakikimbilia upande mmoja chombo hulala.

Wengi huja kuona Jiwe Linalocheza, jiwe kubwa linalosemekana kutikisika, na watoto wanalipenda. Msifike wenyewe, mtafuteni kwanza mzee wa mahali hapo. Sisi tuliona mashamba yana mengi zaidi ya kutazama. Wakara ni wengi na ardhi yao ni ndogo, kwa hiyo kwa vizazi wamefuga ng'ombe ndani, wakiwakatia majani, ili samadi yote irudi shambani. Katikati ya uwele hupanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, na kuyafukia udongoni kama mbolea. Miteremko imezuiwa kwa mawe. Mtoto anayesoma kilimo shuleni ataelewa hapo kwa nusu saa kile ambacho ubaoni kinachukua wiki.

Kuhusu mitumbwi ya kukodi, sikilizeni wavuvi. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, hewa hupanda, na wakati wa masika huzaa ngurumo kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki huinua mawimbi. Mvuvi akisema leo hapana, msimwongezee bei.

Siku ya kurudi, nunueni machungwa na dagaa Nansio jioni ya kuamkia safari, si gatini. Dagaa wafungwe kwenye karatasi kisha kiroba, kwa sababu nailoni huwatoa jasho. Aliye mwepesi wa kuchafukwa tumbo akae katikati ya meli, chini, ambako mtikisiko ni mdogo, na ale kitu kikavu kabla nanga haijang'olewa.