Siku moja maishani mwangu: mhasibu wa Mtumba, wiki ya mwisho ya Juni

Saa 11:00 alfajiri. Juni ya Dodoma ina upepo unaopenya hata sweta. Nachemsha chai, namwamsha mwanangu, naangalia simu. Mzabuni keshaandika: "Dada, malipo yetu yamefikia wapi?" Simjibu. Si kiburi, ni utaratibu wa ofisi yetu, nitaueleza.

Saa 12:15. Daladala la Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma. Nasinzia.

Saa 1:30. Kwa wasioijua kazi yetu: mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa 30 Juni. Idara zilizolala tangu Machi zinaamka wiki hii na madokezo yao, na kila moja inataka ilipwe leo. Kitengo kizima tuko sita.

Kabla ya kuwasha kompyuta tunasimama kuzunguka meza, kama dakika kumi hivi. Kila mtu anasema kipi kimemkwama na leo anaweza kubeba kiasi gani. Ya jana hatuyaripoti. Mwanzoni watu waliona aibu, maana mtumishi utamwambiaje mkuu wako kwamba umelemewa? Aibu aliivunja mkuu mwenyewe. Asubuhi moja alisema: "Jana sikulala. Leo msiniletee cha kusaini kabla hakijapitiwa na watu wawili." Basi, ndimi zikafunguka.

Leo kijana wetu mgeni, aliyeajiriwa mwaka huu, anasema "mimi niko sawa", na mbele yake kuna rundo linalomfika kidevuni. Mzee wetu wa vocha za malipo anamtazama, kisha ananitazama mimi.

Saa 4:00. Chai na chapati, kila mtu mezani kwake. Simu ya ofisi leo iko kwa dada wa masijala. Zamani kila mmoja alipokea za kwake, na hapo ndipo tulipokuwa tunaumia. Kukagua vocha kunataka kichwa kitulie: kasma, yaani fungu la bajeti, ni hii, fedha ipo, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ipo, saini zimekamilika. Simu ikilia katikati, unaanza upya. Sasa tunapokezana, mmoja anajibu wazabuni wote na wengine wanafanya kazi.

Mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, aliandika mwaka 1979 kwamba kinachomkandamiza zaidi mfanyakazi ni mzigo mkubwa ukikutana na uhuru mdogo wa kuamua aubebe vipi. Mzigo wa Juni hatuwezi kuupunguza. Nani abebe nini, na kwa mpangilio upi, hilo liko mikononi mwetu. Niliwahi kukaa kwenye semina ya msongo wa mawazo, tukafundishwa kupumua, tukapewa soda na korosho, tukarudi kwenye rundo lile lile. Kupumua sikatai. Ila rundo halikuguswa.

Saa 6:30. Afisa wa idara moja anaingia akifoka, vocha yake imeingizwa kasma siyo. Aliyeiingiza ni yule kijana. Mikono inamtetemeka. Mzee anasimama katikati yao. "Mjukuu wangu, nenda kanywe maji. Hili niachie mimi."

Natoka naye nje. Simuulizi ana tatizo gani, kwa sababu atasema hana. Namuuliza, "Mdogo wangu, kipi kikiondoka mezani kwako leo utapumua?"

Anakaa kimya kidogo. "Marejesho ya masurufu, dada."

Kumbe wingi wa kazi haumsumbui. Masurufu ni fedha waliyopewa watu kwa safari, naye anatakiwa kuwadai risiti zake watu waliomzidi umri na cheo. Wanamwambia "njoo kesho", naye hathubutu kurudi. Dalili tulikuwa tunaziona: utani umekwisha, anakaa hadi usiku, makosa madogo yanajirudia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hii, unaomfanya mtu aishiwe nguvu, aichukie kazi yake na aone haiwezi tena, unatokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Maofisini kwetu bado tunauita uvivu.

Tunabadilishana. Mzee anachukua marejesho, maana nani atamwambia yeye aje kesho? Kijana anachukua kuingiza vocha za mzee kwenye mfumo, kazi inayomtesa mzee na macho yake.

Saa 9:30 alasiri. Muda rasmi umekwisha. Tumegawana: watatu wanaondoka, watatu wanabaki, kesho tunageuza. Anayeondoka haulizwi "mbona mapema?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 50 za ziada kwa wiki nne, na mwezi kama huu unaweza kuzimaliza bila kujua. Kijana alitaka kubaki. Tumemfukuza.

Saa 11:40 jioni. Mzee anarudi na majalada saba, anatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwa!", kama mtu aliyetoka mnadani na ng'ombe mzuri. Mawili yana risiti za nyumba ya wageni zisizo na tarehe. Hayo, anasema, atawafuata wenyewe kesho asubuhi, kabla hawajanywa chai.