Kanuni ya msaada imekubali, rasimu ya saba

Hatimaye! Rasimu sita za kitabu cha kanuni za mchezo wangu wa mezani wa kuigiza wahusika zimekwama kwenye aya moja: mhusika akimsaidia mwenzake, dadu zinarushwaje?

Mfumo ni dadu 2 za pande sita, lengo la kawaida ni jumla ya 8 au zaidi. Bila msaada uwezekano ni 15 kati ya 36, yaani 41.7%. Rasimu ya kwanza ilitoa +1 kwa kila msaidizi. Wasaidizi wawili wanaupandisha hadi 72.2%, wanne hadi 91.7%. Kwenye meza ya wachezaji watano hakuna anayerusha peke yake tena, na kila tukio linaanza kwa kuhesabu nani na nani wanajiunga. Kikomo cha +2 hakikuponya kitu, maana wawili wa kukijaza hawakosekani.

Rasimu ya nne ikaja na dadu ya tatu: rusha 3, hesabu 2 kubwa, msaidizi mmoja tu. Sasa ni 147 kati ya 216, yaani 68.1%. Uzuri wake ni kwamba jumla haivuki 12 kamwe, kwa hiyo kazi yenye lengo la 12 inabaki ngumu kweli: 7.4%. Hesabu hizi nazifanya kwenye lahajedwali yenye mistari 216, mmoja kwa kila mrusho. Vikokotoo vya dadu vina kasi, ila lahajedwali inakuonyesha jibu limetoka wapi.

Hesabu ikatulia, maneno yakagoma. Jaribio ni lile lile kila mara: meza inapewa kitabu, mwandishi anakaa kimya na kuweka alama kila mahali kidole cha msomaji kinaporudi nyuma. Kilirudi mahali patatu.

Kwanza, "zaidi ya 8". Wengine waliihesabu 8 yenyewe, wengine hawakuihesabu, na tofauti ni kubwa: 41.7% dhidi ya 27.8%. Andika "8 au zaidi", kila mahali, bila kubadilisha ladha.

Pili, "anayesaidia" na "anayesaidiwa". Herufi moja tu, na mtu anayesoma haraka katikati ya pambano haioni.

Tatu, "akishindwa, naye anaumia". Naye nani? Kiswahili hakitofautishi hapo, na sentensi ya kufafanua ikizaa sentensi nyingine, aya inamwagikia ukurasa wa pili. Dawa ni kuwapa majina, mrushaji na msaidizi, na kuyarudia bila aibu hata kama sentensi inakuwa nzito.

Masharti nayo nimeyafuta yote (awe karibu, awe na ujuzi, mikono iwe wazi), kwa sababu kila sharti lilileta ubishi wake. Badala yake msaada una gharama, na gharama inawachuja watu yenyewe:

"Kabla ya dadu kurushwa, msaidizi mmoja anasema mhusika wake anafanya nini. Mrushaji anarusha dadu 3 na kuhesabu 2 kubwa. Jumla isipofikia lengo, mrushaji na msaidizi wote wawili wanapata madhara."

Sentensi tatu. Meza ilizisoma mara moja na kuendelea kucheza!

Kuhusu zana: usiandikie rasimu ndani ya Scribus, programu ya kupanga kurasa. Andika kwenye LibreOffice Writer, weka namba za kurasa kama marejeo mtambuka (namba zinazofuata aya popote inapohamia), kisha kitufe cha F9 kinazisasisha. "Tazama uk. 14" iliyoandikwa kwa mkono inakufa siku aya inaposogea. Scribus ingoje maandishi yagande.

Kilichopangwa kufuata ni faharasa, lakini imewekwa kando kwa ajili ya karatasi ya katikati. Kijitabu cha kurasa 32 kilichobanwa kwa pini katikati kina karatasi 8, na ile ya ndani kabisa hubeba kurasa 15 hadi 18. Kurasa 16 na 17 ni uso mmoja usiokatika, kwa hiyo jedwali linaweza kupita katikati bila kupotoka. Fungua pini, toa karatasi hiyo, na kanuni zote za pambano zinalala mezani. Ila 15 na 18 zinatoka nayo, hivyo zitabeba fomu tupu ya mhusika, si maelezo ambayo kitabu kitayahitaji. Tatizo lililobaki ni orodha ya madhara: kwa herufi za pointi 9 bado inapita nafasi yake kwa mistari minne.