Injini Inayokata na Kurudi: Kulichunguza Tatizo Kwenye Land Cruiser ya Zamani

Gari letu ni Land Cruiser ya mkonga, lile umbo la mfululizo wa 70, lenye injini ya dizeli ya 1HZ: silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, isiyo na kompyuta ya kuiendesha. Toyota ilianza kuifunga injini hiyo mwaka 1990, na uvumilivu wake unajulikana na kila aliyeishi mahali ambako lami haifiki. Lakini injini ya namna hii ikianza kukata, yaani ikapoteza nguvu kwa sekunde chache kisha ikarudi na kuvuta kama kawaida, hakuna mashine ya kuchomeka ikasome kasoro iko wapi. Itakubidi uyafuate mafuta mwenyewe, kuanzia kwenye tangi.

La kwetu lilianza kukata likipanda mlima wa Kitonga na mzigo. Tulipofika juu tatizo likatoweka, na kwenye tambarare ya kuelekea Iringa injini ikanguruma vizuri bila kusita. Baadaye likajirudia kwenye mwinuko mwingine. Fundi wa kwanza aliyelisikiliza alishauri pampu ya mafuta ifunguliwe na kupelekwa kupimwa, na huo ndio ushauri wa kawaida kwa gari lolote la dizeli linalokata. Mimi naupinga kwa moyo wote kama hatua ya kwanza. Kazi ya pampu ni ya gharama kubwa, na pampu iliyochakaa kwa kawaida huonyesha uchakavu wake kila siku: gari huwa zito, huwaka kwa shida, na nguvu hupungua pole pole. Haichagui mlima mmoja na kuusamehe mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana ni vyema kuandika mazingira ya kila tukio: mafuta yalikuwa kiasi gani kwenye tangi, gari lilikuwa likipanda au kushuka, injini ilikuwa imepata moto au bado, na moshi uliotoka ulikuwa wa rangi gani. Namna ya kukata nayo inasema mengi. Injini ikikatika ghafla, silinda zote kwa pamoja, kama mtu aliyezima swichi na kuiwasha tena, umeme unashukiwa kwanza. Kwenye pampu ya 1HZ kuna solenoidi, yaani vali ya umeme, inayofungua njia ya mafuta mara tu unapowasha swichi, na waya wake ukilegea, mtikisiko wa barabara ya makorongo unatosha kuukatiza. Ikimisi, yaani silinda ikikosa kuwaka, kwa mdundo ule ule bila kukoma, hasa bila kukanyagwa mafuta, tazama nozeli zinazopuliza dizeli kwenye silinda moja moja. Lakini ikilegea taratibu, ikasitasita, ikatoa moshi mweupe kidogo na kisha kurudi, kuna uwezekano mkubwa kwamba inavuta hewa, au mafuta hayafiki ya kutosha. La kwetu lilikuwa hivyo, na lilikata zaidi tangi lilipokuwa limeshuka chini ya nusu.

Hapo ndipo inapofaa kuelewa jinsi mfumo huu unavyofanya kazi. Hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ile ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli kwa presha kubwa ndiyo inayoyavuta mafuta kutoka nyuma ya gari, yakipita kwenye paipu, mipira na filta. Njia yote hiyo iko chini ya mvuto wa pampu, kwa hiyo penye ufa mdogo dizeli haivuji nje wakati injini inafanya kazi. Hewa ndiyo inayoingia ndani, sawa na mtu anayekunywa kwa mrija wenye ufa. Unaweza kulala chini ya gari na tochi, ukakuta kila kiungo kikavu kabisa, na bado ufa upo. Mlimani pua ya gari huinuka, tangi huwa chini zaidi ya injini, na mzigo hudai mafuta mengi. Mvuto unaongezeka, na ufa uliokuwa kimya kwenye tambarare unaanza kupitisha hewa.

Tulianza na solenoidi kwa sababu ni kazi ya dakika chache: waya mpya wenye fyuzi, moja kwa moja kutoka kwenye batri, kwa majaribio tu. Gari likaendelea kukata. Kisha tukafunga dumu la dizeli safi kwenye boneti, mbali na eksozi na feni, tukaipa pampu mafuta kutoka humo. Paipu ya kurudisha mafuta nayo lazima irudi kwenye dumu hilo hilo, la sivyo dumu litaishia kwenye tangi upesi. Gari lilipanda bila kusita hata mara moja. Jaribio hilo moja liliiondolea lawama pampu, nozeli na injini yenyewe.

Baada ya hapo tukaunganisha kipande cha mpira mwangavu baada ya filta, na viputo vikaonekana vikipita. Tukakihamishia kabla ya filta. Viputo bado vilikuwapo, hivyo pampu ya mkono iliyo juu ya filta, ambayo mara nyingi ndiyo mkosaji kwenye injini hizi, haikuhusika. Tulishusha tangi. Mpira mfupi unaounganisha tangi na paipu ya chuma ulionekana mzima ulipokuwa umenyooka, ila ulipokunjwa kwa vidole, ufa ukafunguka pale pale klipu ilipoubana, mpira ukiwa mgumu na mkavu ndani. Chini ya tangi kulikuwa na tope jembamba jeusi, tukalisafisha pamoja na chujio la kuvutia mafuta, kwa kuwa uchafu huo ukiziba chujio huleta dalili zinazokaribia kufanana: gari hukata baada ya mwendo mrefu, likipumzika kidogo linaendelea.

Tuliweka mpira mpya wa dizeli, si wa maji, na klipu zinazobana duara zima bila meno ya kukata. Kisha tukapiga pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, tukawasha, na kuuacha mpira mwangavu mahali pake kwa safari moja. Viputo vichache vya mwanzo ni hewa iliyobaki baada ya kazi. Kufika Kitonga, mafuta yaliyopita humo yalikuwa safi, hayana kiputo hata kimoja, na tangi lilikuwa robo.