Fredericksburg, mji wa mkataba

Tuliondoka Houston saa kumi na moja alfajiri, mimi na binti yangu wa miaka kumi na miwili, tukiwa na chupa ya chai na chapati nilizozifunga kwenye kitambaa. Hamu ya kwenda Fredericksburg, hapa hapa Texas, ilinishika siku niliyosoma kwamba mji huo ulianzishwa na Wajerumani, na kwamba waliwekeana mkataba na Wakomanche, watu wa asili wa nchi hiyo. Mimi nimezaliwa Kilosa. Kwetu ukitaja Mjerumani na mkataba kwa pamoja, kila aliyekaa darasani anakumbuka Karl Peters na Mangungo wa Msovero, mwaka 1884. Nilitaka kujua huu mwingine ulikwendaje.

Ukishaipita Austin, nchi inabadilika: vilima, mialoni mifupi, mawe ya chokaa yamechomoza kila mahali. Kwenye kijiji cha Stonewall walikuwa wanauza mapichi kando ya barabara. Tulinunua kikapu, tukala mpaka maji yake yakatuchuruzika viwikoni. Saa nne asubuhi tukaingia Fredericksburg, kwenye barabara kuu pana ajabu. Wenyeji wanasema ilipimwa hivyo ili mkokoteni wa maksai uweze kugeuka.

Kwenye jumba la makumbusho ya walowezi nilikaa zaidi ya nilivyopanga. Chama cha makabaila wa Kijerumani, Adelsverein, kilichoanza mwaka 1842, kiliwaahidi watu ekari 320 kwa kila familia, na 160 kwa mwanamume asiye na mke. Kilikuwa kimenunua haki za eneo la karibu ekari milioni 4 bila kulikagua, na eneo lenyewe ni la Wakomanche. Watu wakauza walichonacho, wakapanda meli. Mwaka 1846 ikazuka vita ya Marekani na Meksiko, jeshi likachukua mikokoteni, na maelfu wakakwama pwani ya Indianola, kwenye mahema na vibanda, mvua juu na maradhi chini. Waliochoka kungoja walianza kutembea kwenda bara, zaidi ya kilomita 200, na wengi walizikwa njiani. Nilimvuta binti yangu karibu. Nami nilikuja nchi hii kwa ahadi za watu, ila mimi nilishuka uwanja wa ndege na mtoto wangu mgongoni, mzima.

Waliofika Fredericksburg mara ya kwanza, Mei 8, 1846, walikuwa watu 120 hivi. Kila mmoja alipewa kiwanja mjini na ekari 10 nje ya mji. Baadaye wakulima wa mbali walijenga mjini vijumba vidogo vya kulala Jumamosi wakija sokoni, ili asubuhi waamkie kanisani. Mpaka leo vinaitwa nyumba za Jumapili, na vingine bado vimesimama.

Mzee mmoja anayejitolea pale alitusemesha Kijerumani cha Texas alichokisikia kwa bibi yake. Kuna mnyama wa huku mwenye uvundo kama kicheche. Walipomkuta hawakuwa na jina lake, wakamwita Stinkkatze, paka anayenuka. Kisha akataja Schule, na binti yangu akaruka: "Mama, si shule hiyo!" Nikamweleza mzee kwamba neno hilo tulilichukua kwa Wajerumani waliotutawala. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nilitamke tena.

Uwanjani katikati ya mji kuna Vereins Kirche, jengo la pembe nane. La awali, la mwaka 1847, lilikuwa kanisa na shule pamoja. Lilibomolewa mwaka 1897, na hili lilijengwa miaka ya 1930 kwa kulifuatisha. Karibu yake kuna sanamu ya Meusebach, kiongozi wa walowezi, akiwa na kiongozi wa Kikomanche na kiko cha amani. Meusebach alikwenda mwenyewe mpaka mto San Saba mapema mwaka 1847. Kwa ndevu zake nyekundu Wakomanche wakamwita Jua Jekundu. Walikubaliana kila upande utembee kwa mwenzake bila kudhuriwa, walowezi wapime ardhi, na Wakomanche wapewe zawadi za dola 3,000. Mkataba ulitiwa saini hapa Mei 9, 1847. Wenyeji wanajivunia kwamba haukuvunjwa.

Mimi naukubali utofauti wake. Peters alileta karatasi ambazo Mangungo hakuweza kuzisoma. Huyu aliketi na wazee, wakazungumza. Lakini walowezi waliendelea kuongezeka, jeshi likafuata, na mwaka 1875 Wakomanche wa mwisho waliokuwa bado huru walijisalimisha Fort Sill, ngome ya jeshi huko Oklahoma.

Binti yangu aliishika mkono ile sanamu. "Mama, hawa wako wapi sasa?"

"Wengi wako Oklahoma, upande wa Lawton."

"Ni mbali?"

Nikafungua ramani kwenye simu. Zaidi ya saa tano kwa gari. Akahesabu mapichi yaliyobaki kikapuni, akaniuliza kama yatafika bila kuoza.