Kumfuata chozi mpaka Konde

Nilikwenda Pemba kwa ajili ya ndege mmoja tu: chozi wa Pemba, ndege mdogo anywaye utamu wa maua. Duniani kote hana makao mengine ila kisiwa hiki na visiwa vidogo vinavyokizunguka. Boti ilifunga gati Mkoani, nikapanda gari ya Chake Chake, na pale nikapata nyingine ya Konde.

Njia ya kaskazini ni vilima na mabonde, mikarafuu huku, minazi kule, na karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya lami. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu ni ya Pemba. Sehemu kubwa ya msitu wa zamani ilifyekwa ili ipandwe mikarafuu. Chozi hakupotea, alibaki na watu.

Unguja iliwahi kushikana na bara zama bahari ilipokuwa imeshuka. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina kirefu mno, na viumbe waliofika huku wakaachwa peke yao hadi wakawa namna nyingine. Ndiyo maana kisiwa hiki kina ninga wake, bundi wake na chozi wake. Mjerumani Reichenow alimpa chozi huyu jina la kitaalamu, Cinnyris pembae, mwaka 1905.

Nilianzia msitu wa Ngezi. Ndani, kwenye kiza cha miti mirefu, nilisikia ndege wengi bila kumwona niliyemtafuta. Nilipotoka ukingoni, penye migomba na jua, madume mawili yalikuwa yanafukuzana.

Lakini niliyoyaona vizuri niliyaona Konde, uani kwa bi mkubwa mmoja aliyenikaribisha chai.

"Shikamoo, bibi. Nasikia chozi wanakuja hapa."

"Marahaba, mwanangu. Wanakuja? Wamo! Kaa kwenye kibao hapo, usitikisike."

Kwenye ncha ya tawi la mlimau, chini ya kimo changu, kilining'inia kiota mfano wa kifuko, kimefumwa kwa majani makavu na kushikizwa kwa utando wa buibui, na tundu la kuingilia ubavuni. Jike, kijivu mgongoni na mweupeupe tumboni, alikuja na pamba ya msufi mdomoni, akajitia ndani mzima mzima, na kifuko kikawa kinavimba na kunywea kwa jinsi alivyokuwa akiisukuma kwa kifua. Alitoka, akarudi, akatoka tena. Kazi hiyo ni yake. Dume alikaa juu ya waya wa umeme akiimba wimbo mwembamba wa harakaharaka. Ukimtazama kivulini utasema mweusi; akigeukia jua, kichwa na mgongo vinawaka kijani na kifua kinatoa urujuani.

Baadaye dume alishuka kwenye kichaka cha maua mekundu kando ya ukuta. Chozi hupenda kutua ndipo anywe: hushika kikonyo, hata kichwa chini miguu juu, akazamisha mdomo uliopinda. Ua likiwa refu kupita mdomo wake, hulitoboa shinani akanywa kwa pembeni. Lakini asidhaniwe anaishi kwa utamu peke yake. Hula wadudu na buibui, na makinda hasa hukuzwa kwa hao. Kwa hiyo uani palipopuliziwa dawa kila mara, hata maua yakiwepo, hapamfai.

Karibu na kichaka palikuwa na matofali yamepangwa. Mwanawe bi mkubwa anataka kujenga ukuta mpya, na kichaka kimo njiani.

"Nimemwambia angoje," alisema. "Huyu mama kwanza alee watoto wake."

Nikamwomba, kwa heshima zote, kichaka kisikatwe hata baada ya hapo. Ukuta upite nyuma yake. Aliinuka, akapima kwa hatua kutoka shina la kichaka hadi mpaka wa jirani, akasema nafasi ipo, usiku atazungumza na mwanawe.