Chupa ya Maji ya Vuguvugu

Siku tisa za kwanza sina la kusimulia, isipokuwa kwamba kitanda changu kilikuwa juu ya winchi iliyonguruma usiku kucha, na kwamba bahari ya kaskazini mwa Hawaii ina samawati iliyokolea kiasi cha kumfanya mgeni adhani imejaa neema. Nilipanda meli ile ya utafiti nikiwa mpimaji wa virutubisho vilivyoyeyuka, yaani nitrati, fosfati na silika, na usiku wa kumi ndio ulionifedhehesha.

Tuliteremsha chupa 24 hadi karibu na sakafu ya bahari, kisha tukazipandisha, kila moja ikifungwa kwenye kina chake kwa amri ya kompyuta. Mpangilio wa maji yale unajulikana. Juu, penye mwanga, vijimea humaliza nitrati karibu yote. Mabaki ya viumbe huzama, bakteria huyaozesha gizani, na virutubisho hurudi majini hadi kufikia kilele karibu na mita 1,000, ambapo nitrati hukaribia mikromoli 40 (kipimo cha kiasi kidogo sana cha kemikali) kwa kilo ya maji na fosfati 3. Kilele cha silika kiko chini zaidi, kwa kuwa magamba ya diatomu, vijimea vinavyojijengea ganda la silika, hayana haraka ya kuyeyuka.

Saa 9 usiku, chupa ya mita 1,000 ilinipa fosfati karibu na sifuri. Nikarudia kipimo, jibu likawa lile lile, nami badala ya kushuku nikasisimka. Hata maji ya kina ya Atlantiki Kaskazini, ambayo kwa hesabu za bahari yamezama juzi tu, yana takriban nusu ya fosfati ya maji haya ya Pasifiki, yaliyokaa gizani mamia ya miaka yakipokea mabaki kutoka juu. Je, nilikuwa nimegundua mkondo ambao hakuna aliyewahi kuuona? Nilichora grafu, na nakiri kwamba nilikwisha kuanza kuutafutia jina.

Mkuu wa zamu, mama wa maneno machache, aliitazama grafu akauliza, "Mwanangu, ulipochota maji hayo, vidole vilikufa ganzi?"

Havikufa. Chupa za jirani zilikuwa baridi ya kuumiza, lakini ile ilikuwa vuguvugu, nami nilikuwa nimeikumbatia kama mtu aliyepewa pumziko. Kipimo cha chumvi kilimaliza ubishi: kamba ya kifuniko ilinasa kilindini, ikaachia tulipokaribia juu. Nilikuwa nimegundua uso wa bahari.

Kulipokucha niliyatazama maji yale mazuri kwa kinyongo, kwani wangavu wake watokana na uhaba wa vijimea. Nikakumbuka tulivyozoea nyumbani kuyadharau maji ya kijani kibichi, ilhali katika pwani kama za Peru na Namibia, ambako upepo husukuma maji ya juu na yale ya baridi yakapanda, kijani hicho ndicho kinacholisha samaki.

Chupa zilipopanda tena mchana, nilizipapasa zote 24 kabla ya kufungua bomba hata moja.