Kibaba cha Tano

Marafa, jioni ya Idd mosi

Jua limezama na bonde bado linatoa joto kama tanuri lililozimwa sasa hivi. Naandika nikiwa nimeketi mlangoni mwa gari, miguu nje, taa ya sola ikining'inia juu ya kichwa. Ni Hiace kuukuu, ilibeba abiria wa Malindi na Mombasa miaka mingi kabla haijafika mikononi mwangu. Viti niliving'oa, nikaunda kitanda cha mbao chenye makasha chini yake. Mtungi wa gesi wa kilo sita ukapata pembe yake, na madumu mawili ya maji. Tangu jana ndiyo nyumba yangu, hapa ukingoni mwa bonde la Nyari.

Nilitoka mjini baada ya alasiri, nikavuka daraja la Sabaki na kushika njia ya Marikebuni na Magarini. Shangazi alinikataza. "Idd hailiwi porini, mwanangu," aliniambia, na najua alisema kwa mapenzi. Lakini nyumbani sikuweza. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile, na mamangu alifariki mwezi wa Rajabu. Kila Idd watu huja kwetu kupeana mikono tangu asubuhi. Nilijiona nikifungua mlango mara arubaini, na kila mgeni akikitazama kiti cha mamangu kabla ya kunitazama mimi.

Kabla ya kuondoka nilipima zaka ya fitri. Pishi moja kwa kila mtu, yaani vibaba vinne. Mamangu hakutaka mizani ya dukani. Alikuwa na kibaba chake, kopo la bati alilorithi kwa mamake, na alilijaza mpaka mchele ukamwagika pembeni, akisema haki ya maskini haisawazishwi kwa kiganja. Nilijaza mara nne. Mkono ukarudi guniani, ukaja na cha tano.

Nikasimama nacho. Fitri humlazimu aliyekuwa hai jua la mwisho la Ramadhani linapozama, na yeye hakulifikia. Sheria naijua. Mkono ndio ulikuwa haujapata habari. Sikukirudisha kile kibaba. Nilikifunga kwenye kitambaa nikaja nacho huku.

Habari ya mwezi niliisikia kwenye redio ya gari. Mjini, saa ile, takbira hutoka msikiti huu zikapokewa na ule, hata usijue nani alianza. Huku nilianza mwenyewe, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyepokea. Asubuhi nilikula tende tatu, nikatandika mkeka juu ya changarawe. Sisi watu wa madhehebu ya Shafii tunaruhusiwa kuiswali Idd peke yetu: takbira saba rakaa ya kwanza, tano ya pili, bila hotuba. Nilipofika ya nne nilisita, nikasahau nimefikia ngapi. Msikitini huna haja ya kuhesabu, unafuata tu sauti iliyo mbele yako.

Kisha nikalitazama bonde. Watalii huliita Jiko la Jehanamu, jina ambalo silipendi, hasa siku kama ya leo. Wagiriama, ambao ndio wenyewe, huliita Nyari, na husema ni mahali palipovunjika penyewe. Mvua na upepo ndio mafundi. Juu udongo mwekundu, kisha rangi ya chungwa, waridi, halafu weupe kama chokaa, umesimama minara minara. Saa sita mchana hakukaliki. Nilishinda chini ya mti nikihamahama na kivuli.

Mzee anayelinda hapa alikuja alasiri. "Mwanangu, leo si sikukuu yenu? Mbona u peke yako?" Sikumjibu vizuri. Alikaa, akanisimulia habari ya bonde: palikuwa na watu matajiri wa ng'ombe, wakawa wanaoga maziwa badala ya maji, Mungu akaghadhibika, ardhi ikawameza. Ule weupe ni maziwa, ule wekundu ni damu. Nilimfikiria mamangu akiinama sakafuni kuokota punje za mchele, moja moja, na kuzirudisha koponi.

Nikakifungua kitambaa. Pilau ya mtu mmoja sijawahi kuiona ikipikwa, na kibaba kizima hushibisha wanne au watano. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa kahawia, nikatia bizari na nyama kidogo niliyokuja nayo. Mzee akawaita wajukuu zake wawili, tukala sinia moja juu ya mkeka.

Baada ya kunawa aliniuliza chakula hiki ni cha nani. Nikamwambia, ni cha mamangu. "Aliitwa nani?" Nikamtajia. Akalirudia jina lake mara mbili, polepole, kama mtu anayetaka kulishika. Tangu Rajabu kila mtu ananiambia "marehemu". Jina lenyewe sikuwa nimelisikia katika kinywa cha mtu mwingine kwa miezi miwili. Niliinuka nikaenda nyuma ya gari, nikalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya maziko.

Mtume alikuwa akienda kuswali Idd kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Kesho nitashukia Gongoni, nipite Mambrui, ingawa ni mzunguko. Kopo nimelisugua kwa mchanga na kulisuuza. Liko mbele, juu ya dashibodi, linakauka.